Pengo la Namukose

Nangobi alifika Mbale akiwa amekaa juu ya gunia la samaki, mtoto kifuani, harufu imemwingia mpaka kwenye nywele. Lori lililokubali kuwabeba watu wa Masese, ufukweni karibu na Jinja, siku ile lilikuwa la mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, na jingine halikuwepo. Milio ya bunduki ilikuwa imesikika upande wa Jinja tangu alfajiri. Waasi waliotoka kaskazini walikuwa wamekwisha kupita karibu na Mbale wakateremka mpaka Busoga, kwa hiyo watu walisema usalama sasa uko kule waasi walikotoka. Mumewe, Bogere, alikataa kupanda. Alisema akiacha nyumba na nyavu, atakaporudi atakuta kuta tu.

"Nenda kwa mke wa Siraje," alimwambia. "Yule mwanamke ana roho. Pakitulia nitawafuata."

Siraje alikuwa ndugu yake Bogere, muuza nguo aliyeoa Mbale na kujenga mtaa wa Nabuyonga. Yeye mwenyewe alikuwa amekwama Kenya kwa biashara tangu barabara zifungwe. Nyumbani alikuwepo mkewe Nambozo, Mgisu mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kukohoa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Asadu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alimpokea Nangobi mlangoni, akamtwaa mtoto hata kabla ya salamu.

"Huyu ndiye Namukose? Mbona mwepesi hivi? Mama, umekuwa ukimlisha hewa?"

"Ameharisha njiani, dada. Na kahoma kidogo."

"Atapona. Maziwa yapo, malewa ya mianzi yapo. Wewe nenda ukaoge kwanza, umekuja na ziwa zima."

Walisemezana Kiswahili, maana Kisoga cha mmoja na Kigisu cha mwingine vilikutana nusu ya njia tu. Majirani walikuwa wamezoea kukisikia Kiswahili midomoni mwa wanajeshi, tena kwa ukali, na siku ya kwanza jirani mmoja alichungulia juu ya ua aone nani amekuja kumkamata nani. Akakuta wanawake wawili wanachambua mboga. Akacheka peke yake akarudi ndani.

Nguo alizovaa Nangobi tangu siku ile zilikuwa za Nambozo. Kitanda alicholalia kilikuwa cha Nambozo, na Nambozo akalala chini na wanawe. Mgeni alipokataa, mwenyeji alimwambia, "Kwako Masese nikija utanilaza majini?" Yakaisha.

Lakini kuharisha kwa mtoto hakukuisha. Namukose alikuwa na umri wa kuanza kukaa mwenyewe, na sasa hata kukaa alikuwa ameacha. Nangobi alimpa maji ya chumvi na sukari kama alivyofundishwa kliniki ya Jinja, na kila asubuhi alikwenda kwenye maegesho ya malori kuulizia habari za Masese. Asubuhi moja alimwacha mtoto nyumbani kwa kuwa jua lilikuwa kali. Aliporudi, mtoto alikuwa amelala, mdomo umeoshwa, ananukia majani fulani yaliyopondwa.

"Amelia sana?" aliuliza.

"Alilia, akanyamaza," Nambozo alijibu akipepeta mchele bila kuinua macho. "Nimempa uji."

Nangobi alimshukuru. Kweli, alimshukuru kwa moyo wote, akakaa kando yake wakapepeta pamoja.

Tangu siku ile mtoto alizidi. Homa ilipanda, ziwa akawa anaanza kunyonya kisha analiachia kwa kilio. Mate yake yalikuja na wekundu. "Anaota meno," Nambozo alisema. Viganja vya mtoto vikawa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Hapo Nangobi hakungoja tena. Alimfunga mgongoni akaenda hospitali kwa miguu, Nambozo akimfuata nyuma na chupa ya chai, kanga na mkeka.

Hospitali ilikuwa imejaa mpaka barazani. Wanajeshi waliojeruhiwa walilala nje kwenye magodoro, mikongojo imeegemezwa ukutani. Wodi ya watoto ilikuwa ya Daktari Wanzala, Msamia mwembamba aliyesema polepole, na nesi wake, Sista Akello, ambaye alikuwa akitembea haraka hata pasipo haraka. Daktari aliuliza maswali mengi. Mtoto alianza kuugua lini? Kwenye ukoo kuna watoto wanaovimba mikono na miguu na kupungukiwa damu? Amepewa dawa gani za kienyeji? Amechanjwa, amekatwa popote?

"Hapana," Nangobi alisema. Kwa alivyojua, huo ulikuwa ukweli.

Nambozo alikuwa anakunja kanga. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Walipima tone la damu, wakaona wadudu wa malaria, wachache. Daktari akaanzisha sindano. Kila asubuhi mtoto alidungwa, na kila asubuhi Nambozo alitoka nje wakati wa sindano, akasimama karibu na bomba la maji akiwa ameshika kichwa, mpaka aitwe kwamba imekwisha. Nangobi alidhani ni huruma.

Homa ilishuka kidogo, ikapanda. Damu ilizidi kupungua. Daktari Wanzala alisimama kitandani akimtazama mtoto kama mtu anayetazama mlango ambao ufunguo wake hauingii.

"Malaria ndogo hivi haimalizi damu namna hii," alimwambia Sista Akello kwa Kiingereza. "Minyoo? Bado ni mdogo mno. Choo ni cheusi, kwa hiyo kuna kitu tumboni kinachotoka damu. Au damu yenyewe inavunjika ndani ya mwili. Sijui." Halafu akamgeukia Nangobi akarudia neno hilo kwa Kiswahili, pasipo haya. "Mama, mimi bado sijui mtoto wako ana nini."

Nangobi hakuwa amewahi kumsikia daktari akisema hivyo. Lilimwogopesha, na wakati huohuo akamwamini zaidi.

Siku iliyofuata mtoto alikuwa anapumua mbio, mbavu zinaingia ndani. Daktari akasema anahitaji damu ya mtu. Damu ya Nangobi ilipimwa, haikupatana na ya mtoto. Ya Nambozo vilevile. Hapo askari mmoja aliyekuwa barazani, Opio, mtu wa Teso aliyefungwa mguu kwa plasta mpaka pajani, akasikia akasema kwa sauti kubwa:

"Daktari, mimi iko na ile damu ya kila mtu. Walipima jeshini. Toa yangu."

"Afande, wewe mwenyewe ulipoteza nyingi."

"Nilipoteza kwa mguu, si kwa moyo. Mama, lakini mimi nasema mapema, hii damu ya Teso. Mtoto akishaipata atakuwa anadai atapa, ule ugali wetu wa ulezi, kila jioni, samaki yako hataki tena."

"Afande, akiishi nitampa hata mawe ale," Nangobi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Masese alijikuta anacheka, macho yamejaa machozi.

Daktari hakucheka. Alimwita Nangobi pembeni, nyuma ya pazia ambako sindano zilikuwa zinachemshwa.

"Mama, nisikilize vizuri. Umesikia habari za silimu, ule ugonjwa wa kukonda?"

Nani hakuwa amesikia? Masese walikuwa wamezika watu waliokonda mpaka mwili ukaisha, na wake zao wakafuata.

"Ugonjwa ule unapita kwenye damu. Afande Opio anaonekana mzima, na pengine ni mzima kweli. Lakini hapa kwetu hakuna chombo cha kuonyesha. Wanasema kiko Kampala, na njia ya Kampala unajua ilivyo. Nisipompa mtoto damu, naweza kumpoteza leo. Nikimpa, naweza kumpa kitu kitakachomchukua baadaye, na mimi ndiye nitakuwa nimekitia. Sitaki kukuficha. Wengine wanatia tu, mama hajui. Mimi nimeona ujue."

"Sasa mimi nifanye nini, daktari?"

"Kaa naye kidogo. Fikiri. Mimi nimalize wale wa pale. Nikirudi tutaamua pamoja, lakini tusichelewe sana."

Nangobi alirudi kitandani. Alichukua kijiko ampe mtoto maji ya sukari. Kijiko kilipogusa upande wa kulia, juu, Namukose alijipinda akatoa kilio chembamba, kikavu. Upande wa kushoto alimeza. Nangobi akajaribu tena kulia, kilio kilekile. Akaweka kijiko chini. Akaingiza kidole taratibu, akapapasa ufizi wa juu, na kidole kikazama ndani ya tundu.

Aliijua aina hiyo ya tundu. Masese nako walikuwepo wazee waliofanya kazi hiyo. Mtoto akiharisha na kuwa na homa, wanasema ni ebino, meno ya uongo, yameota chini ya ufizi yanamla. Wanapasua ufizi kwa spoki ya baiskeli iliyochongwa, wanachokonoa, wanakuonyesha kitu cheupe laini kama funza: tazama, hiki ndicho kilichokuwa kinamuua mwanao. Kumbe ni jino lake la kweli, jino la pembeni, halijakomaa, linangoja siku yake. Na wanakuonya jambo moja kwa ukali: daktari asijue, maana mtoto wa ebino akidungwa sindano anakufa.

Alitoa kidole. Kilikuwa na damu nyekundu, mbichi.

Nambozo alikuwa nyuma ya jiko la wauguzaji, anasuuza nepi. Nangobi alikwenda na mtoto mkononi.

"Mama Asadu. Tia kidole hapa."

Nambozo alitazama mdomo wa mtoto, kisha akatazama maji ya beseni. Hakutia kidole.

"Ni siku ile nilipokwenda kwenye malori," Nangobi alisema.

"Alikuwa na ebino, mama. Nilimfungua mdomo nikaziona mwenyewe, ufizi umevimba weupe. Nikampeleka kwa Namono, bibi mmoja wa kule nyuma ya soko. Ana mkono mwepesi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Ungesema twende kliniki." Nambozo alikamua nepi mpaka vidole vikabadilika rangi. "Wangu wa pili, hukumkuta. Alikuwa hivi hivi, anaharisha, homa. Mimi nikakimbilia hospitali, wakamdunga asubuhi, akafa jioni. Mama mkwe akaniambia, ungetoa ebino kwanza. Mpaka leo ananiambia. Basi nilipomwona wako nikasema, huyu hatafia mikononi mwangu. Nilifanya kwa kumpenda."

Nangobi aliamini. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Angekuwa adui yake, kazi ingekuwa rahisi.

"Daktari aliuliza amekatwa popote. Ulisikia."

"Wanasema akijua anadunga."

"Dada, ameshadungwa. Anadungwa kila asubuhi na wewe unasimama kwenye bomba unangoja afe. Mbona hajafa kwa sindano?"

Nambozo aliirudisha nepi kwenye beseni.

"Ukisema," alisema kwa sauti ya chini, "watamfunga Namono, na mimi naye. Siku hizi kamati ya mtaa haichezi. Siraje atarudi akute mkewe yuko polisi kwa kumwua mtoto wa ndugu yake. Mama Namukose, ulikuja na gunia la samaki. Nilikufungulia mlango."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeomba maji. Nangobi alisimama pale akiwa amevaa gauni la yule mwanamke, amelala kitandani kwake, amekula malewa yake ya karanga. Akifukuzwa Nabuyonga jioni ile, angelala wapi na mtoto mgonjwa? Njia ya Jinja ilikuwa imefungwa. Hakujua kama mumewe yu hai. Na upande mwingine, nyuma ya pazia, sindano zilikuwa zinachemka, na afande mwenye roho nzuri alikuwa amekunja mkono wa shati tayari kutoa damu ambayo hakuna aliyejua ndani yake kuna nini.

Namukose alikohoa. Uzi mwembamba mwekundu ukateremka kwenye bega la gauni la Nambozo.

Nangobi akageuka akaenda wodini.

Daktari Wanzala alikuwa ameinama kwa mtoto mwingine. Nangobi alingoja mpaka ainuke.

"Daktari, kuna jambo hukuambiwa. Mtoto ametolewa ebino."

Daktari alitua alichokuwa ameshika. Nangobi alijikaza kungoja matusi, maana alikuwa ameona hospitali nyingine akina mama wakitukanwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Hayakuja.

"Lini?"

"Kabla hatujaja. Siku chache."

"Alipelekwa na nani?"

Nangobi alisikia ndara za Nambozo zikisimama mlangoni nyuma yake. "Ni sisi wa nyumbani," alisema. "Sote."

"Si sote," Nambozo alisema kutoka mlangoni. "Mwache. Ni mimi. Yeye hakuwepo, hakujua mpaka sasa hivi."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Asanteni," alisema. "Sista, tochi."

Sista Akello alibonyeza tochi, ikatoa mwanga wa kufa, ikazima. Betri hazikuwepo stoo, hazikuwepo dukani, mji mzima ulikuwa hauna. Daktari akatoka barazani.

"Afande, redio yako."

"Daktari, ni saa ya habari ya vita."

"Nataka betri tu. Nitarudisha."

Opio alimtazama, akafungua mgongo wa redio. "Chukua. Vita itanisubiri."

Kwa betri za redio walimfungua mtoto mdomo vizuri kwa mara ya kwanza, Nangobi akishika kichwa, Nambozo akishika miguu. Mwanzoni walikuwa wamemtazama kwa mwanga wa dirisha, mtoto amekaza taya, na ufizi wote ulikuwa umekuwa mweusi kwa majani aliyopakwa. Mate ya damu yakaitwa kuota meno. Sasa daktari alifuta weusi ule kwa pamba, akaliona tundu. Lilikuwa na usaha na kipande cha jani lililooza ndani, na pembeni mshipa mdogo uliokuwa ukivuja bila kukoma. Damu nyingi haikutoka nje ikaonekana. Ilikwenda nyuma, mtoto akawa anaimeza usiku na mchana, ikatokea chini kama choo cheusi.

"Tumekuwa tukiitafuta tumboni," daktari alisema, "nayo inatoka hapa."

Alisafisha, akashona kwa uzi mwembamba, akaweka shashi iliyokunjwa. Alihitaji mtu wa kuikandamiza kwa kidole, asiondoe, mpaka damu ikate. Nangobi alikuwa bado ameshika kichwa. Nambozo akaosha yake kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akakaa kitandani, akaingiza kidole. Namukose alimng'ata kwa meno mawili ya chini aliyokuwa nayo. Nambozo hakusogea.

"Anauma?" Nangobi aliuliza.

"Anauma kama askari," Nambozo alisema. "Mwache aume. Ana haki."

Sasa swali la damu likarudi. Opio alikuwa ameshakokotwa na godoro lake mpaka mlangoni. Daktari aliinama karibu na Nangobi.

"Asubuhi nilidhani damu inavunjika ndani, na hilo singeweza kulizuia. Ilibidi nimpe nyingine. Sasa mahali pa kuvujia tumepaziba, na usaha tutautibu kwa penisilini. Bado ana hatari kubwa. Lakini hatari hii naiona kwa macho, naweza kukaa nayo hapa nikaitazama. Ile nyingine siwezi kuiona kabisa. Kwa hiyo nataka tungoje. Pumzi yake ikizidi kwenda mbio, sitangoja, nitampa ya afande, na Mungu atusaidie. Wewe unasemaje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ni mtoto wako."

Nangobi alikuwa amesoma mpaka darasa la tano tu. Katika maisha yake alikuwa ameambiwa mengi na wakubwa, lakini kuulizwa alikuwa hajaulizwa. Alimtazama mtoto, akatazama kidole cha Nambozo ndani ya mdomo wake. "Tungoje," alisema.

"Afande," daktari akaita, "usiende mbali."

"Na hii mguu niende wapi?" Opio alijibu.

Walingoja. Sista Akello alikuja, akaweka mkono kifuani pa mtoto, akaenda, akarudi. Nangobi alisali pale pale chini kando ya kitanda, na upande wa mlango alimsikia Opio naye akinong'ona sala za kwao. Shashi ilipobadilishwa mara ya kwanza ilikuwa imelowa. Mara ya pili ilikuwa na doa. Mara ya tatu daktari aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku, akaiweka chini, na Nangobi aliona mabega yake yameshuka.

Jua hutoka Mbale likiwa limechelewa, kwa sababu ya mlima Wanale. Lilipotokeza asubuhi iliyofuata, Namukose alikuwa bado mweupe, lakini mbavu zilikuwa zimetulia. Alijinyonganyonga, akatafuta ziwa kwa pua kama mtoto wa paka, akanyonya upande mmoja wa mdomo. Hakuachia. Nambozo aliyekuwa amelala ameketi, kidole chake kimevimba, alifumbua macho akaona. Alifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika muda mrefu. Nangobi alimwekea mkono mgongoni.

Opio alirudishiwa betri zake. Alipoambiwa damu yake haikuhitajika alijifanya amekasirika. "Basi huyu atakula samaki tu. Hasara yake."

Lilibaki la yule bibi Namono. Nambozo alimwuliza daktari waziwazi kama polisi watakuja. Daktari alisema amelifikiria, na hana hakika kama anafanya sawa. "Nikimfunga huyo, mwingine ataanza mtaa wa pili. Na kesho hakuna mama atakayekuja kuniambia kama mlivyoniambia. Nataka waje waniambie." Badala ya polisi alimtuma Sista Akello akaongee na bibi, na Nambozo akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa Namono. Alisimama mbele ya bibi yule akamwonyesha kidole chake chenye alama za meno. Wengine wanasema Namono aliacha kazi ile. Wengine wanasema alihama nayo. Nambozo alimwuliza daktari jambo moja zaidi, la yule mtoto wake wa pili, na daktari akamwambia kwamba kuharisha hukausha maji mwilini, na hilo pengine ndilo lililomchukua, si sindano wala ebino wala kuchelewa kwake. Nambozo alikwenda nyumbani akalia, akarudi jioni na chungu cha malewa kwa wodi nzima.

Bogere alikuja njia ilipofunguliwa, amekonda, yu hai, nyavu zake mbili kati ya zote ameziokoa. Siku walipoondoka, Nangobi alikuwa amevaa gauni lile lile lenye doa begani. Alitaka kulirudisha. "Kaa nalo," Nambozo alisema. "Ukiliona utakumbuka nilivyo mjinga."

"Nikiliona nitakumbuka nani alinifungulia mlango," Nangobi alisema.

Kila mwaka tangu hapo, gunia la mukene linatoka Masese kwenda Nabuyonga, na nusu yake inaishia kwa Daktari Wanzala, ambaye analalamika kwamba ofisi inanuka na hakatai.

Namukose amekua. Yuko shule Mpumudde, mrefu, mdomo wa maneno. Meno yake ya utoto yalipong'oka mengine yakaota, isipokuwa mahali pamoja, juu, kulia. Pale hapajaota kitu, na daktari wa meno alisema hapataota. Opio alipita Masese wakati fulani akichechemea, amekwisha kuacha jeshi, akanunua samaki na kumtazama msichana yule kwa furaha kama mjomba. Wakati huo kipimo cha silimu kilikuwa kimefika kila mji. Nangobi hakumwuliza kama alipimwa, naye hakusema. Alimfungashia samaki wazuri akakataa malipo. Mtu aliyekuwa tayari kukutolea damu, humwulizi habari za ndani yake.

Lakini wiki haipiti bila mwanamke kuja nyumbani na mtoto anayeharisha, akisema mama mkwe ameona ebino. Nangobi hagombani. Hamtukani mtu. Anamkalisha, anamwekea maji ya chumvi na sukari, halafu anaita kuelekea uani.

"Namukose. Njoo."

"Mama, leo tena?"

"Njoo."

Msichana anakuja, amekunja uso, amebeba muwa. Anasimama mbele ya mgeni, anafungua mdomo, anavuta shavu kwa kidole mpaka pengo lionekane.

"Tazama hapa," Nangobi anamwambia yule mama. "Hapa palikuwa na jino. Hawakutoa ugonjwa, walitoa jino, na mtoto karibu aende nalo. Mpeleke kliniki sasa hivi, nitakusindikiza. Na kama tayari amepelekwa kwa spoki, mwambie daktari. Usimfiche. Hatakuua, na sindano haitamuua."

Mama yule anatazama pengo. Anatazama mtoto wake. Wengine wanainuka papo hapo. Wengine wanaanza kulia, na Nangobi anajua hao wamekwisha kutoka kwa spoki, na ndio anaowashika mkono kwa haraka zaidi.

"Nimemaliza?" Namukose anauliza.

"Umemaliza, mwanangu. Asante."

Naye anarudi uani na muwa wake, anautafuna kwa upande wa kushoto, ule wenye meno yote.